Mwaka Verna Alipoacha Kashata

Kwa muda mrefu ambao hata mwenyewe alishaacha kuuhesabu, Verna Zinck alikuwa akipika kashata za karanga kila ifikapo Halowini, ule usiku wa mwisho wa Oktoba ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, na barabara nzima, toka kanisani hadi darajani, ilijua hivyo. Watoto waliovaa kama mizuka na maharamia waliruka nyumba nyingine ili wawahi kwake kabla sinia halijabaki chenga tupu. Wapo waliokwisha kuota mvi na bado walipanda ngazi za nyumba yake, wakidai eti wamemsindikiza mjukuu. Verna hakuwa mtu wa majivuno, lakini kwa kashata alijivuna. Kila mtu ana kitu kimoja anachojulikana nacho, na chake kilikuwa hicho.

Mwaka ule, theluji ilipoyeyuka, majirani wapya walihamia nyumba ya pili, ua kwa ua na Verna. Mama aliitwa Joelle Comeau, Muakadia, wa wale Wakanada wenye asili ya Kifaransa, wa kule upande wa Ghuba ya Mtakatifu Maria, mwembamba, mwepesi wa kutembea na mzito wa kucheka. Alikuwa na binti mmoja wa miaka minane, Zelie. Baba hakuonekana, na watu walikuwa na adabu ya kutouliza, au walau ya kutouliza mbele yake.

Kiangazi chote walisalimiana vizuri. Kisha yakaja maonyesho ya kilimo ya Septemba. Verna alikuwa na meza yake ya mikate na jemu, Zelie akasimama mbele yake akitazama, naye Verna akampa biskuti kama anavyowapa watoto wote. Biskuti haijafika mdomoni, Joelle akachomoka upande wa mabanda ya ng'ombe, akaipiga kibao ikarukia nyasini, akamnyakua mtoto na kuanza kumfuta viganja.

"Umelamba? Umelamba vidole? Hebu nitazame!"

Watu waligeuka. Verna alibaki na kopo la biskuti mkononi, uso umemwiva.

"Kama vile nimempa sumu!" alimwambia mumewe, Lorne, walipofika nyumbani. "Mbele za watu wote!"

"Kwa mtoto yule ni sumu," Lorne alisema. Alikuwa akivua viatu na hakuinua kichwa. "Karanga. Huko walikotoka, mwenzake shuleni alimmegea mkate wenye siagi ya karanga, koo likafunga. Alifika hospitali midomo imekuwa buluu. Mama yake alinisimulia pale uani."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Si ulisema mimi mbea? Nikaamua kujirekebisha."

Verna hakucheka. Ndani ya zile biskuti mlikuwa na karanga zilizosagwa, na yeye ndiye aliyezisaga. Usiku ule usingizi haukumjia upesi.

Basi akafanya alichojua kukifanya. Kwenye ua wake palikuwa na mti wa matufaa mwitu, yale madogo mekundu, machachu ya kukunja uso, na nusu ya matawi yake yalimwaga matunda upande wa Joelle. Akayaokota ya upande wake, akayachemsha, akayachuja, akapika jeli nyekundu iliyopitisha mwanga kama kioo cha kanisa. Akachukua chupa moja, akaifunga utepe, akaenda kubisha hodi.

Joelle aliipokea, akaigeuzageuza, akairudisha.

"Bi Verna, usinielewe vibaya. Umepikia sufuria gani?"

"Sufuria yangu."

"Ile ya kashata?"

Verna akaitikia kwa kichwa.

"Na mwiko?"

"Mwiko ni wa mama mkwe wangu. Wa mti."

"Basi una mafuta ya karanga tangu enzi za mama mkwe wako," Joelle alisema, na wala hakuwa anadhihaki. "Samahani. Najua umekuja kwa wema. Siwezi."

Verna alirudi na chupa yake chini ya kwapa. Njiani alikuwa amekwisha kukata shauri: salamu zitatosha, na mambo mengine kila mtu ashike lake. Wema ukikataliwa mlangoni huuma kuliko tusi, kwa sababu tusi unaweza kulijibu.

Pengine ingebaki hivyo kama si Zelie. Mchana mmoja wa Oktoba, majani yakiwa yamepukutika na kujaa uani kama vipande vya shaba, Verna alimkuta mtoto amechuchumaa upande wa pili wa ua, anapanga matufaa mwitu mstari kwa ukubwa.

"Halowini utakuwa nani?" Verna alimuuliza, kwa sababu ndilo swali ambalo mtoto yeyote huulizwa mwezi ule.

"Popo."

"Popo wa kutisha?"

"Wa kawaida tu. Mimi huruka ndani. Tunazima taa ya mbele watu wasigonge, halafu Mama ananirushia chokoleti zangu kutoka juu ya ngazi, mimi nazidaka. Nadaka vizuri sana." Aliyasema hayo bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza ratiba ya kanisani. Halafu akauliza, "Bi Verna, Greta huja kwako?"

Greta alikuwa binti wa nyumba ya karibu na daraja, anayetembelea kiti cha magurudumu.

"Huja, kwa nini asije? Kaka yake hupanda kumchukulia kashata, yeye humngoja barabarani."

"Kwa nini usimpelekee wewe huko chini?"

Verna akageuka kuzitazama ngazi zake. Miaka yote alimwona Greta na blanketi lake magotini chini ya taa ya barabarani, akampungia mkono, akaridhika kwamba amempungia. Ngazi zilikuwa zake, na miguu ya kuzishuka ilikuwa yake.

Jioni, wakinywa chai, alimwambia Lorne, "Mwaka huu sipiki kashata."

Lorne akaweka kikombe chini. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kaka yako Burton atalia."

"Alie. Leso anazo."

Kesho yake akaenda tena kwa Joelle, safari hii mikono mitupu.

"Nimekuja kuomba jiko lako."

"Jiko langu?"

"Na sufuria yako, na mwiko wako, na sukari yako. Matufaa yapo tele upande wako, yanaoza bure. Mimi naleta mikono tu."

Joelle alimtazama kama mtu anayekagua samaki sokoni. "Asubuhi umekula nini?"

"Uji wa shayiri."

"Na hizo nguo, umewahi kupikia kashata?"

"Joelle, mwanangu, ukitaka niingie nimejifunga taulo, sema mapema, maana kuna baridi."

Hapo ndipo Verna alipomsikia Joelle akicheka kwa mara ya kwanza. Kicheko chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake.

Aliazimwa blauzi, akaoshwa mikono kama anayeingia chumba cha upasuaji, nao wakaanza. Joelle hakuwahi kupika jeli maishani. Kwao bibi yake alipika, mama yake akanunua dukani. Verna alimwonyesha jinsi ya kuchemsha matunda mpaka yapasuke, kisha kuyaninginiza ndani ya kitambaa yadondoke maji yenyewe.

"Usikamue," alimwonya Zelie. "Ukikamua, jeli inakuwa na ukungu, haipitishi mwanga."

Alipogeuka tu kuchukua bakuli, Zelie akakamua. Alikamua kwa mikono miwili, kwa furaha yote.

"Nilitaka kuona ukungu," alijitetea.

Lakini kosa kubwa la siku ile lilikuwa la Verna mwenyewe. Jiko la Joelle lilikuwa la umeme, la kioo, na Verna alizoea lake la kuni. Alidondosha tone kwenye kisahani baridi, akalisukuma kwa kidole, akatangaza kwamba limeiva. Wakajaza chupa, wakafunga, wakangoja. Ilipopoa, Joelle aliinamisha chupa moja, na kilichokuwemo kikatembea kutoka upande huu hadi upande ule kama chai.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa?" aliuliza kwa adabu.

Verna alitazama chupa zote zilizojipanga mezani. Angeweza kulilaumu jiko, na ulimi ulishaanza kujiandaa. "Hapana," alisema. "Nimeiharibu. Haya, fungua zote tuirudishe motoni."

Wakazifungua, wakairudisha, safari hii Joelle akiwa ndiye mwenye kisahani. Alisukuma tone, akasukuma tena, akamwita Verna aone ngozi yake inavyokunjamana. Jua lilikuwa limekwisha kuzama walipomaliza. Jeli ilikuwa na ukungu kidogo, lakini iliganda.

Ni Joelle aliyeleta habari ya boga la buluu. Alieleza kwamba ziko nyumba ambazo hupaka boga rangi hiyo na kuliweka mlangoni, watoto wasioweza kula peremende za watu wajue kwamba hapo hata wao wana chao. Verna alilipaka lake mwenyewe, akalipaka vibaya, Zelie akalirekebisha masikio. Alikuwa ameamua kwamba nalo ni popo. Lorne alitoa meza ya karakana, akaisugua kwa maji ya moto mpaka Joelle akaridhika, akaishusha hadi chini kabisa, kando ya barabara, kwenye lami iliyo tambarare. Juu yake wakapanga gololi, chaki za rangi, bangili zinazong'aa gizani na vijitabu vya kuchora. Chupa ndogo za jeli zilikuwa za kupelekwa nyumbani na wazazi, na kila moja ilibandikwa karatasi inayosema imetiwa nini.

Jioni ya Halowini ilikuwa kavu na baridi. Verna alikaa nyuma ya meza amejifunika shali, na moyoni alikuwa na wasiwasi kama mwanafunzi siku ya matokeo. Watoto wa kwanza walitazama meza, wakatazama juu nyumbani, wakauliza kashata. Aliposema hakuna, mmoja akanuna waziwazi. Lakini bangili zilipowashwa wakaanza kugombea rangi, na kashata ikasahaulika upesi kuliko Verna alivyotarajia. Hilo nalo lilimchoma kidogo.

Greta alikuja amevaa kama kambakoche wa baharini, mapembe mekundu kichwani, kiti chake kimezungushiwa vibao na wavu kikawa mtego wa kumnasia. Alijisukuma mwenyewe mpaka mezani, tumbo likagusa ubao.

"Naweza kuangalia kila kitu?"

"Angalia mpaka uchoke."

Basi akaangalia. Alishika gololi moja moja akazielekeza kwenye taa, akafungua vijitabu, akabadilisha bangili ya kijani kwa ya zambarau, akairudia ya kijani. Kaka yake alimhimiza, foleni nyuma yao ikarefuka, na bado Greta hakuharakishwa. Verna alielewa kwamba binti huyu miaka yote alikuwa anapokea kilichochaguliwa na mtu mwingine. Akawaambia walio nyuma wangoje, na kwa sauti ile hakuna aliyebisha.

Kisha akaja Burton, kaka yake Verna, na mfuko wake mtupu wa karatasi ambao hakuona haya kuja nao kila mwaka.

"Ziko wapi?"

"Hakuna mwaka huu, Burton. Chukua jeli."

"Jeli? Mimi nimetembea na goti hili kwa ajili ya jeli? Barabara nzima inanyimwa kwa sababu ya mtoto mmoja?"

"Wawili, ukimhesabu Greta asiyepanda ngazi," Verna alisema. "Na hao ni ninaowajua mimi."

"Mama angekuwa hai angeona aibu."

"Mama angekuwa hai angekuambia uvute kiti unisaidie."

Burton hakuvuta kiti. Aliondoka bila jeli, na chakula cha Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake. Baadaye alirudi, lakini la kashata analisema mpaka leo.

Popo alitokea mwisho, mabawa ya mwavuli uliochanwa, mama yake hatua chache nyuma na mkoba wa dawa begani. Walikuwa wamepita barabara yote, nyumba kwa nyumba, na Zelie alikuwa amebisha hodi kila mlango kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Walimwaga mfuko wake chini ya taa, Joelle akasoma kila karatasi na kutenga zilizo hatari, na Verna akamlipa mtoto kwa gololi, moja kwa kila chokoleti iliyoondolewa.

"Nimeogopwa na mbwa," Zelie alitangaza. "Mbwa mkubwa."

Usiku huo nyumba ya Verna haikunuka sukari iliyoungua. Aliikosa harufu ile, naye hakujidanganya kwamba hakuikosa.

Siku za baadaye alisafisha jiko lake lote, rafu hadi rafu. Karanga zikaenda kwa Burton, na mwiko wa mama mkwe ukatundikwa bandani, kwa kuwa kuutupa hakuweza. Joelle alikuja akakagua, hakusema mengi. Lakini katikati ya Novemba jino lilimshika vibaya, akapata nafasi kwa daktari wa meno mjini, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Alikuwa hajamwachia mtu yeyote tangu ile siku ya hospitali. Alisimama mlangoni kwa Verna, shavu limevimba, mkononi ana kalamu ya kudungia dawa ya mzio, ile ya mazoezi isiyo na sindano.

"Hapa pajani, kwa nguvu, halafu unashikilia," alisema. "Hebu nione."

Lorne alijitolea paja lake. Verna alimdunga mpaka akapiga ukelele, Joelle akasema, "Rudia," akamdunga tena, na Zelie akaomba zamu yake. Joelle alipotosheka aliacha sindano ya kweli juu ya meza, akambusu mtoto, akaondoka upesi, kama anayeogopa miguu yake itabadili mawazo.

Aliporejea aliwakuta Verna na Zelie wakipika achari ya nyanya mbichi, zile za mwisho zilizokataa kuiva kabla ya jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu. Mtoto alikuwa anakata vitunguu na machozi yanamtiririka.

"Mama, siyo mzio," alisema haraka. "Ni vitunguu. Bi Verna ameshanitazama ulimi mara kumi."

Joelle alitaka kujibu, lakini nusu ya mdomo ilikuwa bado imekufa ganzi, akatoa sauti isiyoeleweka. Akavua koti, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachukua kisu cha pili.

"Kata nyembamba," Verna alimwambia, akamsogezea bakuli la nyanya.