Kinofu cha Shingo ya Bujiku

Uvimbe ulipofikia ukubwa wa yai la kanga chini ya sikio la kushoto la Bujiku, kamati ya duara ilikaa na kuamua kwamba asishuke tena. Wachimbaji wa Rwamgasa waliliita shimo lao duara, ingawa lilikuwa na kila umbo isipokuwa hilo, na waliamini kwamba dhahabu humkimbia mgonjwa. Bujiku naye aliliamini jambo hilo kwa moyo wote, enzi za uzima wake.

"Leta karatasi ya daktari," alisema Donatus, mwenyekiti, akiifunga sentensi kwa kikohozi chake cha kawaida. "Ikisema u mzima, unashuka. Ikisema vingine, tutakuombea."

"Kwa dini ipi, mwenyekiti?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Yoyote itakayokuwa na nafasi."

Mwamba ulikuwa umeanza kubadilika rangi, dalili ya dhahabu, na asiyekuwamo siku mwamba unapofunguka hakumbukwi katika mgawo. Hayo ndiyo Bujiku aliyowaambia watu alipokwenda kuitafuta karatasi. Ambayo hakuwaambia ni kwamba baba yake alikufa na uvimbe wa namna hiyo hiyo, ambao waganga waliutaja kwa majina mengi na hakuna aliyewahi kuufungua.

Hospitalini alipokewa na Daktari Akida, mtu wa Pangani aliyezungumza taratibu kana kwamba maneno nayo yalikuwa ya foleni kama sabuni ya mwaka ule wa uhaba. Alimpapasa shingo, akamchoma ganzi, akakata kinofu kidogo na kukitumbukiza katika chupa ya dawa yenye harufu ya kutoa machozi.

"Kwa macho, Mzee Bujiku, uvimbe wote ni ndugu," alisema. "Huu huenda ni kifua kikuu kilichohamia kwenye tezi. Huenda ni saratani. Cha kwanza dawa yake iko kabatini kwangu. Ya pili haiko. Anayeweza kuvitenganisha ni mwenye hadubini, Mwanza. Gari letu halina petroli, basi sampuli yako utaipeleka mwenyewe."

Neno hilo Bujiku alilielewa kuliko mengine yote. Rwamgasa, sampuli ilikuwa na adabu zake. Anayetaka kuuza hisa ya duara hampelekei mnunuzi jiwe la kwanza lililomkwaza. Hutafuta lililo bora, na likionekana hata hilo lina upungufu, huazima la jirani. Jirani haulizi, maana kesho naye ataazima. Jambo hilo halikuitwa udanganyifu, liliitwa maandalizi.

Alipopita nyumbani kabla ya safari, alimkuta mkewe Zipora amechinja beberu kwa ajili ya kumpa nguvu. Bujiku alisimama mlangoni akaiinua chupa kwenye mwanga. Kinofu kilikuwa cheupe, kimelegea, mfano wa maziwa yaliyoganda vibaya.

"Ndiyo mimi huyu?" aliuliza.

"Ndiwe, Baba Pantaleo."

"Siwezi kwenda Mwanza na kitu hiki. Watanionaje?"

"Watakuonaje na hawakujui? Funika hiyo chupa, watu wanakula."

Aliifunika, lakini baada ya maandalizi. Alichagua kipande chekundu cha paja la beberu, kisicho na mshipa wala mafuta, kilichomridhisha kwa rangi na kwa msimamo. Kile chake alikizika nyuma ya nyumba, kwa kina cha kupandia karanga na kwa heshima iliyowezekana. Kisha alipanda kivuko cha Busisi akiwa na shingo iliyovimba na dhamiri iliyotulia kabisa.

Majibu yalipotoka, hakuyapitisha kwa daktari. Aliyapeleka moja kwa moja kwa kamati, ambako Selestine, katibu, ndiye aliyejua kusoma. Selestine alisoma kimya, akasoma tena, ndipo akasoma kwa sauti:

"Nyama iliyoletwa ni msuli wa mbuzi. Hauna dalili yoyote ya ugonjwa."

"Hauna dalili yoyote!" Bujiku alirukia. "Mmesikia wenyewe."

Kamati ilijadili kwa kirefu. Wapo waliosema uzima ni uzima, na suala la mbuzi ni makosa ya ofisi. Selestine, mtu wa kanuni, alikataa.

"Karatasi hii inaruhusu mbuzi kushuka duarani. Bujiku hatajwi popote."

"Basi na ashuke huyo mbuzi," mmoja alipendekeza, kwa nia ya kusonga mbele.

"Tumekwisha kumla," alisema Bujiku.

Mwenyekiti Donatus alikohoa kwa muda mrefu kuliko hoja ilivyohitaji, kisha akatamka kwamba kwa kuwa mwenye afya njema ameliwa, kikao hakina mtu wa kumruhusu.

Bujiku alirudi hospitalini akiwa na karatasi yake. Daktari Akida aliisoma bila uso wake kubadilika.

"Uliponunua hisa katika duara lile," aliuliza, "ulipokea jiwe la muuzaji?"

"Kwani mimi mjinga?" Bujiku alichukizwa. "Nilishuka mwenyewe. Nikagonga pale ambapo hakutaka nigonge."

Mkono wake ulipanda wenyewe hadi shingoni. Alikuwa amevuka ziwa kama muuzaji, kumbe katika biashara hii mnunuzi alikuwa yeye, na alichokuwa akinunua ni miaka yake iliyobaki.

"Kata tena, daktari," alisema. "Kata pale palipo pabaya kuliko pote."

Daktari alikata. Alichukua pia damu na makohozi, akampiga picha ya kifua, akieleza kwamba shahidi mmoja huweza kukosea. Safari hii Bujiku aliipakata chupa njia nzima bila kuiangalia. Barua ilipofika, aliipeleka kwa daktari ikiwa bado imefungwa.

"Kifua kikuu cha tezi," alisoma Daktari Akida. "Sindano na vidonge kwa miezi mingi, bila kuruka. Utapona."

Bujiku aliketi sakafuni, ingawa kiti kilikuwapo.

"Ila ugonjwa huu haukuzaliwa shingoni mwako," daktari aliendelea. "Huingia kwa hewa. Huko chini, nani hukohoa?"

Kamati ilipokea karatasi ya pili kwa masikitiko. Selestine aliilinganisha na ya kwanza, akatoa uamuzi kwamba sampuli ya awali ilikuwa bora zaidi na haikufaa kuachwa. Walimshauri Bujiku airudie. Donatus alisimama kufunga kikao, lakini kikohozi kilimzuia, naye akaegemea ukuta akisubiri kipite.

Bujiku alitoa mfukoni kikopo kidogo chenye kifuniko, alichopewa na daktari, akakiweka mezani mbele ya Donatus.

"Cha nini?" aliuliza mwenyekiti, akijifuta mdomo.

"Cha makohozi. Ya alfajiri, yanayotoka ndani kabisa. Na tafadhali, mwenyekiti," alisema Bujiku, "usiazime ya jirani."