Meza ya Waliokataa Kula

Kila Alhamisi zamu ya asubuhi ikiisha, Nkatha hushuka mjini kula dampling kumi na mbili za nyama ya ng'ombe kabla ya kupanda treni ya kurudi kwake Doonside. Mkahawa ni wa Wachina waliopitia California ndipo wakafika Sydney, na mapishi yao yalipitia huko pia: unga mnene, nyama ya kushiba, zimekaangwa upande mmoja hadi zikawa kahawia, na mchuzi mtamu ambao Mchina wa Uchina angeukunjia uso. Nkatha huzipenda mno. Huuma pembe kwanza, huunguza ulimi, hujilaumu, kisha huuma nyingine.

Alhamisi ya pili ya Mei alikuwa kwenye dampling ya tano wakati Bwana Lau alipoingia, akavuta kiti, akaketi mbele yake. Bwana Lau alikuwa amefariki Jumatatu. Nkatha mwenyewe ndiye aliyemvalisha soksi za mwisho katika makao ya wazee anakofanya kazi, na ndizo alizokuwa amevaa.

"Hizi ndizo nilizokuwa nikikwambia," alisema, akachukua vijiti.

Alikula ishirini na nne, kama mwanafunzi wa bweni siku ya kufunga shule. Lydie, Mkongomani anayehudumu pale, alifurahi.

"Dada, huyu mzee anakulaka! Nimuletee zingine?"

"Mletee," Nkatha alisema. Aliona haya hata akashindwa kumaliza zake.

Fomu ya chakula kule kazini ina visanduku vitatu: Amemaliza, Amekula Nusu, Amekataa. Wiki tatu mfululizo alikuwa amemtia Bwana Lau alama kwenye Amekataa. Bwana Lau hakukataa hata siku moja. Alimeza polepole tu, kijiko kimoja dakika mbili, na wafanyakazi wawili wana wazee kumi na wanne wa kulisha kabla sahani hazijakusanywa saa sita na nusu. Kisanduku cha mtu ambaye sahani yake imeondolewa kinywa kingali wazi hakikuwepo.

Alhamisi iliyofuata Bwana Lau alikuja na Bi. Hartigan, aliyefariki Februari, na Bwana Petrou, wa mwaka jana, ambao nao aliwahi kuwatia alama kwenye Amekataa. Kufikia Julai walikuwa tisa. Mwenye mkahawa aliunganisha meza mbili akaweka mito kwenye viti, kwa kuwa walikuwa wamekonda na viti vilikuwa vya mbao. Hakuna aliyemlaumu Nkatha. Walimwomba tu asogeze mchuzi, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Kule kazini, kati ya wanaomeza polepole, alikuwa amebaki Bi. Kavanagh, kilo thelathini na tisa, mmezaji wa polepole kuliko wote. Nkatha aliapa kwamba huyu hataketi kwenye meza ile. Siku nne alimlisha kwa muda wake mwenyewe wa mapumziko, mpaka ratiba ikabadilishwa na mapumziko yakahamishiwa saa nne. Siku ya tano alichukua kalamu akachora kisanduku cha nne kwenye fomu, akakiandika Hakupewa Muda, akakitia alama.

Mugambi, msimamizi wa zamu, Mmeru mwenzake, alimwita pembeni.

"Nkatha, mimi nakuelewa kabisa. Lakini system inasoma boxes tatu. Ukichora ya nne inaleta error."

"Sasa niandike nini?"

"Si uandike refused tu, kama kila mtu."

"Lakini hajakataa, Mugambi."

"Najua."

Alijua kweli, na alimwonea huruma. Alimpa fomu safi. Nkatha alifikiria viza yake, ambayo kwa miaka miwili zaidi imefungwa kwenye kazi ile ile, akaweka alama kwenye Amekataa. Aliweka na kesho yake, na keshokutwa.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti, saa tisa na nusu alasiri, mlango wa mkahawa ulifunguka. Bi. Kavanagh aliingia na ndala za makao, kitambaa cha kulia kingali shingoni. Mchana ule ule Nkatha alikuwa ameondoa sahani yake. Wazee walisogea wakampisha.

Simu iliita. Ilikuwa Mugambi.

"Pole, Nkatha. Bi. Kavanagh ametuacha saa hii."

"Najua. Yuko hapa."

"Msalimie. Na kesho usichelewe, tuko wawili tu."

"Sitachelewa."

Lydie aliuliza alete ngapi. Nkatha alisema ishirini na nne. Zilipofika alipasua moja, akaipuliza, akampelekea kinywani kwa kijiko. Bi. Kavanagh alitafuna dakika mbili nzima, akameza, akafungua kinywa tena. Treni ya Doonside iliondoka, na iliyoifuata. Nkatha alishika kijiko, akangoja.