Fundi kwa Ndege, Mwalimu kwa Meli

Kaka yao, kitinda mimba, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kituo cha hali ya hewa, katika visiwa vya mbali ambavyo ukiviangalia kwenye ramani utadhani nzi amechafua karatasi. Kila mwaka aliahidi kuja likizo, kila mwaka likazuka jambo. Mwishowe dada zake wawili wakakata shauri: wanamfuata hukohuko.

Mkubwa alikuwa mshonaji, na wote walimwita Fundi. Aliyemfuata alikuwa mwalimu mstaafu. Tangu Fundi afiwe na mumewe waliishi nyumba moja, wakibishana kutwa na kucheka hapohapo.

"Njia ni mbili, mama zangu," aliwaambia karani wa tiketi. "Ndege ya watu tisa, Jumanne na Ijumaa, na mnapimwa uzito pamoja na mizigo yenu. Au meli ya mizigo, siku tatu baharini."

"Meli," alisema Mwalimu.

"Ndege," alisema Fundi, papo hapo.

Wakatazamana. Fundi hata kwenye basi alitapika. Siku tatu za mawimbi zingemmaliza. Mwalimu naye alikuwa ameapa kutokanyaga ndege. "Chombo kinachonipima kama gunia la viazi sikipandi!"

"Na boti ya kukodi?" Fundi aliuliza.

"Hiyo ni meli isiyo na choo, mama," alijibu karani.

Basi wakakata tiketi mbili tofauti, wote wafike Ijumaa. Kwa miaka sita hawakuwahi kulala mbalimbali hata siku moja. Asubuhi ya meli kuondoka, Fundi alimfunga mdogo wake vifungo vya koti kama mtoto wa shule, kisha akajifanya ana haraka ya kurudi kwenye cherehani.

Baharini Mwalimu alikuwa mzima kama kigongo. Tatizo lilikuwa ukimya. Siku ya pili alisema kwa sauti, "Maji haya ni ya kijani," akasubiri. Hakuna aliyemwambia ni ya bluu.

Ijumaa mchana kaka yao alimpokea gatini, mvi zimemjaa, akamkumbatia kwa nguvu.

"Dada yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Hajafika. Ukungu umeshuka ghafla, ndege ikageuzwa ikiwa njiani, ikaenda kutua mji mwingine. Yuko salama, atakuja Jumanne."

"Nani aliyeigeuza?"

Kaka alitazama viatu vyake. "Mimi. Ndiyo kazi yangu, dada. Rubani anashuka nikisema kiwanja kinaonekana."

Jioni walimpigia Fundi simu, naye akasema ameviona visiwa kwa mbali, kisha bawa likainama na visiwa vikapotea. "Nimelia mbele ya watu wazima," alisema. Hakumlaumu mtu, kwa kuwa hakujua wa kumlaumu.

Jumanne alfajiri ukungu ulikuwa bado umelala. Mwalimu alimfuata kaka yake hadi ukingoni mwa kiwanja. Nguzo za alama, za kupimia umbali unaoonekana, zilipangwa moja baada ya nyingine. Zilionekana tatu, ya nne ilikuwa kivuli.

"Mbona panaonekana?" alisema.

"Panaonekana nusu."

"Nusu si haba."

"Kwa ndege ni haba, dada."

Mwalimu alitaka kumsihi. Lakini aliona mdogo wake akizihesabu nguzo upya kabla ya kuandika, akauma ulimi. Wakakaa juu ya sanduku la vifaa, bega kwa bega. Saa tatu upepo ukaanza kuvuta ukungu taratibu. Ya nne ikatokea, ya tano, hata ya mwisho. Kaka akashika redio, akasema kiwanja kiko wazi.

Saa tano ndege ikatua. Fundi akashuka. Rubani alikuwa amekwisha kumweleza yote. Fundi alimchapa kaka yao kwa mkoba begani.

"Ni wewe uliyenirudisha!"

"Ni mimi, dada."

"Siku nne nalala kwenye godoro la kuazima!" Kisha akamshika uso kwa mikono miwili. "Vizuri. Umefanya vizuri."

Mwalimu akachukua sanduku la dada yake, wakapanda mlima mdogo kuelekea kituoni, Fundi katikati, akisimulia jinsi walivyompima uzito.