Kufuli la Chumba cha Nyuma

Familia hii ilikuwa na sheria moja tu iliyoandikwa, nayo ilibandikwa kwenye mlango wa friji kwa plasta ya vidonda kwa sababu gundi ilikuwa imeisha. Jumapili ya mwisho wa mwezi wanatoka wote wanne, na kila mwezi mmoja wao anachagua pa kwenda. Wengine hawana kauli. Atakayenuna ataosha vyombo wiki nzima.

Sheria aliitunga Baba, fundi mikate, walipokuwa wametimiza miezi minne tangu wahamie mji huu mkubwa baada ya kiwanda cha mikate cha kule kwao kufungwa. Alidhani matembezi yatawazoesha watoto. Zamu yake ilipofika akawapeleka kuangalia tanuri jipya la mikate la mtaa mwingine, akasimama mbele yake saa nzima kama mtu aliyelipa kiingilio kuona simba. Mama, mshona sare za shule, aliwapeleka kwenye duka la samani. Wakakalia makochi yote, moja baada ya jingine, wakarudi nyumbani na kijiko kimoja. Mtoto wa kiume, mwenye miaka kumi na minne, ambaye nyumba nzima ilimwita Betri kwa kuwa muda wote alikuwa akitafuta pa kuchaji simu, aliwapeleka kwenye ukumbi wa stendi ya mabasi, maana intaneti ya pale ni ya bure. Hakuna aliyenuna, angalau si waziwazi.

Sasa ilikuwa zamu ya dada yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, na jina lake la nyumbani ni Waziri, maana tangu akiwa mdogo hakuwa akiomba kitu. Alikuwa akitoa maagizo. Aliposema wanakwenda nyumbani, Baba aliuliza nyumbani ipi, naye akamtazama kwa huruma. Nyumbani ni moja tu. Ni kule walikotoka, mwendo wa saa mbili kwa basi, na mtu mwenye akili zake haulizi.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuliweka mezani. Waziri hakutaka kwenda kutembea tu, alitaka kubaki. Mama Mkubwa, dada yake Mama, alikuwa akikaa mitaa miwili tu kutoka nyumba yao ya zamani, na alikuwa na chumba kisichokaliwa na mtu. Shule ya zamani ingempokea muhula mpya ukianza. Huku mji mpya, kusema kweli, haujamwingia. Darasani hakuna aliyejua kwamba yeye ni Waziri; wanamwita "yule mgeni", na miezi minane ni mingi mno kuwa mgeni. Alipomwandikia Mama Mkubwa, alijibiwa hivi: "Mimi sina neno, mwanangu. Lakini sikuibi kwa wazazi wako. Utawaambia mwenyewe, hapa kwangu, Jumapili. Mficha uchi hazai."

Kwa hiyo asubuhi ile Waziri aliamka mapema. Alijipamba, akafunga chumba chake kwa kufuli, akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi mweusi kama kawaida.

Kufuli lile lina historia. Nyumba yao mpya ni ya ghorofani, juu ya karakana ya mafundi vyuma, na siku ya kuhamia Waziri alilia tangu kwenye lori mpaka kwenye ngazi. Baba, aliyekuwa amebeba godoro kichwani, akasema Waziri achague chumba kwanza. Akachagua cha nyuma, kinachotazama ukuta na kamba za nguo. Betri akapata cha katikati, ambacho dirisha lake ni dogo kuliko daftari. Wazazi wakachukua kilichobaki, cha mbele, juu ya karakana. Wiki ya pili Betri akaingia chumba cha nyuma akachukua chaja, na wiki ya tatu Waziri akanunua kufuli. Tangu hapo, akienda shule, chumba kinafungwa mpaka arudi saa kumi. Betri alisema hata waziri mwenye king'ora hana ulinzi wa namna hiyo.

Baba alitoka kazini alfajiri, unga bado masikioni, akaoga, na badala ya kulala akashika njia pamoja nao. Kwenye basi hakufunga macho wala mdomo. Kila daraja alilijua, kila kituo alikuwa na kisa chake, na visa vingine alivitia chumvi mpaka Mama akamwambia apunguze, atawapandisha presha. Waziri alikuwa akitazama dirishani akipanga maneno. Alianza na "Wazazi wangu wapendwa", akaona ni kama barua ya kuomba kazi, akaanza upya.

Kwa Mama Mkubwa walikula wakashiba. Vyombo vilipoondolewa, Mama Mkubwa akamkazia macho Waziri, macho yale ya "haya, uwanja ni wako". Waziri akafungua kinywa, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema waende kwanza kuiona nyumba. Mama Mkubwa aliguna, akabaki na vyombo vyake.

Nyumba ilikuwa palepale. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye kicheko, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa ukuta, aliwapokea barazani kwa shangwe, akasema mpangaji mpya ni muuguzi na yuko kazini. Mama akaketi, na hao wawili wakiketi, mtu asiwangoje. Betri akaona soketi ukutani pa baraza, akapotea kwenye simu. Waziri alikaa kwenye ngazi yenye ufa, ile aliyokuwa akikalia kufanyia kazi za shule, akatazama mapazia ya watu wengine kwenye dirisha lake. Iliuma. Alikuwa na hamu ya nyumba ile mpaka meno, na alijiapiza kwamba wakirudi tu kwa Mama Mkubwa, atasema.

Baba alisema anazunguka nyuma kidogo kuona kama kile kitanuri cha matofali alichokijenga bado kimesimama.

Hakuna aliyemkumbuka kwa muda mrefu. Muuguzi akafika, mwanamke mwembamba mwenye sare nyeupe na viatu vilivyochoka kama yeye, akasalimia kila mtu, akafungua mlango wa mbele kwa ufunguo, akaingia. Baada ya dakika chache akatoka tena, taratibu, akasimama mlangoni.

"Samahani," alisema. "Kuna mtu amepungua hapa?"

Walimfuata ndani kwa msururu. Kwenye mlango wa chumba kikubwa vilikuwa viatu vya Baba, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama nje. Ndivyo anavyoviweka siku zote, ili saa ya kwenda tanurini avivae bila kuwasha taa na kumwamsha mtu. Na kitandani kwa muuguzi, pale pale kilipokuwa kitanda chake, kwa kuwa chumba kile kitanda hakikai kwingine, alikuwa Baba mwenyewe, kifudifudi, kinywa wazi, amelala fofofo.

Mlango wa nyuma ndio uliomponza. Mlango ule tangu zamani haufungwi kwa ufunguo; unaunyanyua kwa mpini, unaupiga goti, unafunguka. Siri hiyo walikuwa wakiijua watu wanne tu duniani. Muuguzi alikuwa hajawahi kuutumia, akidhani umekufa. Baba alitaka tu kuona kama goti bado linakubali. Goti likakubali, na miguu, iliyokuwa imeirudia njia ile miaka kumi na miwili kila asubuhi kutoka kazini, ikammalizia safari bila kumuuliza.

Mama alijishika kichwa. Alitaka kumwamsha kwa kumvuta mguu, huku akiomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Muuguzi akamzuia.

"Mwache, dada. Nilimpima kwanza, nilidhani ni mgonjwa. Mapigo mazuri, joto zuri. Haumwi huyu, ana njaa ya usingizi. Na mimi kuna wiki nafanya kazi usiku, najua." Akamtazama tena Baba kwa jicho la kazi. "Huko kwenu mchana analala wapi?"

Mama akaeleza kwamba analala chumba cha mbele, ila chini yake kuna mafundi vyuma, wanakata mabati tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, basi anajifunga kitambaa masikioni, anapata usingizi wa kuokoteza, nusu saa hapa, nusu saa pale. Muuguzi akauliza kama hakuna chumba kingine. Mama akaanza kunyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo.

Betri ndiye aliyejibu, maana mdomo wake hauna breki. "Kipo. Mchana kutwa kinafungwa kufuli."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mkono wa Waziri ulikwenda wenyewe shingoni, ukaushika ufunguo, na roho ikamsuta vibaya sana. Miezi minane alikuwa akiamini kwamba katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyepoteza kitu. Alimwuliza Mama kwa nini hawakumwambia.

"Nilimwambia akuombe, akakataa," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Alisema, mwache mtoto. Ameacha vyote kule, angalau awe na kitu chake cha kufunga."

Waziri akaenda jikoni, jikoni kwao kwa zamani, akalia kidogo akiwa ameegemea sinki. Muuguzi alimfuata, hakumuuliza kitu, akamkabidhi birika la chai alibebe. Wakakaa wote kuzunguka meza ya mgeni wao, au tuseme mwenyeji wao, wakanywa chai kwa kunong'ona, na saa moja na nusu ikapita. Waziri alisikiliza ule mkoromo kutoka chumbani. Alikuwa ameusikia utoto wake wote, akirudi shule mchana, na hakujua kwamba huko mji mpya haupo. Akili yake ikasema haraka kwamba akihamia kwa Mama Mkubwa chumba kitakuwa wazi, Baba atalala, kila mtu atapata chake. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Moyo wake haukuitaka. Alichokuwa akikililia miezi yote ile kilikuwa kikikoroma chumba cha pili, na jioni kitapanda basi.

Baba alipoamka aliita kwa sauti nzito, "Mama Waziri, saa ngapi?" kisha akatoka na soksi, akijinyoosha. Akaona jiko, akaona sare nyeupe. Akakaa polepole kwenye kiti, akauliza kwa upole yeye ameugua nini.

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Mwenye nyumba alikuja kutoka upande wa pili kuuliza kuna nini, akasimuliwa, akaanza upya. Baba, kwa aibu, aliomba bisibisi, na kabla hawajaaga mlango wa nyuma ulikuwa na komeo zima, kwa mara ya kwanza tangu ujengwe.

Waliporudi kwa Mama Mkubwa kuchukua mizigo jua lilikuwa linapoa. Mama Mkubwa alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. Alisema kwamba Waziri alikuwa na neno lake tangu mchana, na sasa alitoe, basi halisubiri. Wote wakamgeukia. Baba akaketi vizuri, akionekana kuogopa kidogo.

Waziri alivua uzi shingoni akaupitisha kichwani, ukamnasa sikioni, akauvuta.

"Baba, chukua. Ukitoka kazini uwe unalala kwangu. Kule nyuma hakuna kelele."

Baba aliutazama ufunguo, akamtazama Mama, akatazama dari kwa muda. Akasema unga umemwingia machoni, ingawa alikuwa ameshaoga tangu alfajiri.

"Ndilo hilo tu?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Ndilo hilo," Waziri alisema. Haikuwa kweli yote, na Mama Mkubwa alijua. Alimvuta akamkumbatia, akamwambia sikioni kwamba chumba hakihami, siku yoyote mlango u wazi. Kwenye basi Waziri alitazama taa za mji wake zikibaki nyuma, akalia tena, machozi ya kimyakimya, kwa sababu kupenda watu hakuondoi hamu ya mahali. Kisha akafuta uso, akatangaza kwamba zamu zake zote, mpaka atakapomaliza shule, ni kwenda kule. Betri akafungua kinywa kulalamika, akakumbuka vyombo, akafunga.

Kesho yake alirudi shuleni saa kumi. Chini mafundi walikuwa wakikata bati, mlio wa kuchana masikio. Alipanda ngazi, akapita chumba cha mbele, kitupu, akafika nyuma. Kwenye mlango wake vilikuwa viatu viwili vikubwa, vimepangwa sambamba, ncha nje. Alisimama hapo kidogo akisikiliza mkoromo. Akasukuma mlango taratibu, akachungulia. Baba alikuwa amelala kifudifudi juu ya shuka yake ya maua. Na kwenye soketi ya ukutani chaja haikuwepo.

Alimkuta Betri sebuleni, simu mkononi, waya umenyooka mpaka ukutani, akijifanya haoni mtu. Waziri alimwinamia mpaka pua zikakaribia kugusana, akamgombeza kwa kunong'ona kwa dakika kumi nzima.