Siku Seva Mbili Zilipozimwa

Wodi ya wazazi ilipohamishiwa ghorofa ya juu, printa yake ilihama nayo, lakini majibu ya maabara yaliendelea kutoka chini, kwenye printa ya mapokezi iliyorithi anwani yake ya mtandao. Muuguzi mkuu wa wodi alimpigia simu fundi wa mtandao, ambaye ni binti yake wa kumzaa. Kwa upole wa kutisha alimwambia kuna mjamzito anayesubiri damu na karatasi yake ya majibu haionekani.

Binti huyo, ambaye hospitali nzima ilimwita Waya, alishuka ngazi mbio hadi mapokezi. Karatasi ikapatikana, mgonjwa akaongezewa damu, akapona. Lakini jambo lile lilimkaa rohoni Waya.

Tatizo alilijua. Kila mashine ina jina, na nyuma ya jina kuna anwani ya namba. Seva moja kuukuu, kompyuta inayohudumia nyingine, ndiyo iliyotunza majina na anwani hizo, na mashine ikihama, mtu alilazimika kubadilisha kwa mkono. Seva nyingine mbili zilitunza saraka, yaani orodha ya watumishi na mashine zote, zikinakiliana zenyewe. Waya alitaka majina yahamie ndani ya saraka: mashine ikihama ijiandikishe yenyewe, na seva moja ikianguka mwenzake ajibu.

Bosi wake, ambaye kwa jibu lake la kila ombi alibandikwa jina la Mzee Subiri, alisema hospitali si mahali pa kujaribia mambo. Waya hakubishana. Aliomba kompyuta chakavu, akajenga hospitali ndogo ya mfano mezani, akaivuruga kila namna. Mara ya kwanza majina yote ya printa yalifutika, akashukuru kwamba yamefutika pale. Alirudia mpaka mkono ukazoea, ndipo akaruhusiwa kuyahamisha yale ya kweli. Hata hivyo bosi hakuamini. Seva kuukuu ikaachwa inawaka, kama mgeni asiyejua kuaga.

Asubuhi moja wagonjwa wakiwa wamejaa hadi kwenye korido, Waya alimwita Mzee Subiri kwenye chumba cha seva.

"Mzee, zima hii kuukuu. Na moja ya saraka pia."

"Saa hizi, na watu wote hawa?"

"Ndiyo saa yenyewe. Kukiwa kimya hatutajua kitu. Mimi nasimama hapa, likiharibika nawasha."

Mzee Subiri akabonyeza. Feni za zile mbili zikanyamaza. Wote wawili wakaikodolea macho simu ya ukutani, ambayo siku za matatizo haikupumzika. Haikulia. Waya akashindwa kuvumilia, akapiga mwenyewe wodi ya wazazi.

"Mama, shikamoo. Majibu ya maabara yanatoka?"

"Marahaba. Nimeyashika hapa. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Mzee Subiri alichukua simu ileile akampigia mganga mkuu. Waya akamsikia akisema "fundi wetu" kwa sauti ya mtu anayemtaja mwanawe.

Mchana alimweleza mama yake yote.

"Yaani mlizima, na sisi hatukujua?"

"Hamkujua."

Mama alicheka mpaka akakaa. Kisha akatoka kuwahadithia wauguzi wenzake, akikosea karibu kila kitu, kwamba binti yake amezima hospitali nzima na isizimike. Waya alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamsikiliza bila kumsahihisha.