Kidole Kilichopungua kwenye Tope

Kila asubuhi saa mbili, mpiga eksirei alimtoa kanga tengani, akampangusa miguu, akamwachia atembee juu ya trei ya tope. Mashine ilipenya tope na kuonyesha jinsi unyayo unavyozama na jinsi tope linavyojifumba nyuma yake. Profesa, mwenye utafiti huo wa nyayo, alisimama pembeni akila yai la kuchemsha. Maganda aliyadondosha humo humo kwenye trei, ungedhani ni jalala la kwao.

Tope lilitolewa bure na kampuni ya mgodi, ndoo arobaini. Ni lile lililozika bonde zima siku bwawa la mgodi lilipopasuka. Kampuni ilitangaza kwamba bondeni hapakuwa na mtu.

Jumanne, kwenye picha ya mashine, chini ya mguu wa kanga, ukatokea mguu wa mtu. Kisha mwingine. Ilikuwa mitupu, vidole vimekita, inakimbia kupanda mlima. Kanga aliendelea kudonoa maganda. Mpiga eksirei aliandika saa na kina, sentimita tisa. Kufikia Alhamisi walikuwa wamepita watu kumi na saba. Wa kumi na nane, mguu wake wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

"Huyu ni mama yangu," mpiga eksirei alisema.

"Una uhakika?" Profesa aliuliza, kiini cha yai kimemganda mdomoni.

"Kilikatwa na jembe, nikiona. Profesa, niandikie barua tu, useme ni mtu. Bila hiyo, serikalini hawanipi cheti cha kifo. Na baba bado anampakulia chakula kila jioni. Kinaozea mezani."

Profesa alilamba vidole, kimoja kimoja. "Pole sana, dada. Lakini kampuni imeshasema kule hapakuwa na watu. Sasa hawa watakuwaje watu?"

Makala yake ilipotoka, ilisifiwa kila kona. Ilieleza mnyama mpya, wa miguu miwili, mwenye tabia ya kukimbilia mlimani. Chini ya picha ya nne iliandikwa: jike, mzee, kidole kimoja pungufu. Kampuni ilileta ndoo nyingine arobaini, pamoja na keki. Waliikatia juu ya trei, wakacheka huku makombo yakidondoka. Mpiga eksirei alitafuna kipande chake, akakitemea kwenye kitambaa.

Jumatatu baada ya keki, mama yake alikuwa ameacha kukimbia. Nyayo zake zilisimama ukingoni mwa trei, zimeelekea kiti cha binti yake. Binti aliokota maganda na makombo yote yaliyokuwa juu ya nyayo za mama yake. Akaandika saa, akaandika kina. Kwenye nafasi ya aina ya mnyama alijaza jina la kwenye makala, maana mashine haiendelei nafasi ile ikiwa tupu.

Jioni, nyumbani, baba alipakua sahani tatu.