Sabuni ya Nyale Limited

Jumanne saa nne asubuhi, malori ya vitunguu yakiwa bado yanashusha mizigo sokoni Kongowea, mashine ya kuchapa ya Wakili Swabra ilitoa cheti cha usajili cha Sabuni ya Nyale Limited, kisha ikamtoa kampuni mwenyewe. Kilitangulia kichwa, yakafuata mabega. Akajipangusa wino, akaomba kiti.

Wakili alimvutia kiti. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaeleza wateja kuwa kampuni ni mtu mbele ya sheria: ana jina lake, ana mali yake, anashtaki na kushtakiwa.

Wateja wa siku ile walikuwa wawili. Sameer, mwenye duka la jumla Kisauni, ndiye aliyetoa mtaji na banda la kiwanda. Nyale, mjane wa Bofu, ndiye aliyejua kupika sabuni ya mafuta ya nazi isiyochubua ngozi, na wanunuzi walikuwa wakiiita kwa jina lake kabla Sameer hajamjua. Lakini kwenye fomu, mwenye hisa na mkurugenzi alikuwa Sameer peke yake.

Wakili aliuliza mara moja tu.

"Mama Nyale tutamuandika baadaye, inshallah," Sameer alisema. "Hapa sote jamaa."

Nyale alitikisa kichwa kukubali. Aliona haya kumshuku mtu aliyekuja kwenye maziko ya mumewe na gunia la mchele. Wakili naye alijaza fomu kama alivyoagizwa.

Kampuni alimtazama Sameer, akamtazama Nyale, akacheka. Kicheko kilianzia puani, kama cha Nyale, na paji la uso lilikuwa la Nyale vilevile.

"Shikamoo, mayo," akamwambia. Ndivyo mama anavyoitwa kwao Nyale.

"Marahaba, mwanangu."

Sameer alikohoa. "Wakili, mrekebishe huyu. Kampuni hana mama, ana mwenye hisa."

"Kisheria ni kweli," Wakili alisema. Kampuni alisikiliza kwa adabu, na akaendelea kumwita mayo.

Kwa miaka sita alinawiri. Alipopata zabuni ya hoteli za Diani, vifungo vya shati vilikatika. Mkataba mmoja wa usafirishaji ulimtoa vipele mgongoni. Wakili akafuta kifungu cha saba, vikanywea. Kila mwaka alikuja ofisini kuwasilisha taarifa zake, na mwaka aliochelewa alishikwa na kwikwi mpaka zilipopokelewa. Nyale alipika sabuni, akaulizia hisa mara mbili, akaambiwa baadaye.

Mwaka wa saba Sameer alipata mshirika, shemeji yake. Alikuja kwa Wakili akiwa mchangamfu.

"Huyu namfunga, nafungua mwengine. Jina la sabuni lihamie kwa mpya."

Wakili alipeleka maombi. Tangazo likatoka gazetini: mwenye pingamizi ana miezi mitatu. Nyale alivuka feri mwezi wa pili, amevaa leso mpya.

"Nina pingamizi," alisema.

"Una hisa, mama?"

"Sina."

"Una mkataba naye?"

"Nimempikia miaka sita."

Wakili aliipekua fomu ya pingamizi mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali pa kuandika hilo.

Kampuni, aliyekuwa amekaa dirishani, akasema, "Jina ni mali yangu. Niandikie hati, nimrudishie mayo kabla sijafutwa."

Wakili aliandika haraka, bila kupumzika, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alijisikia mwepesi. Kampuni akashika kalamu. Mkono ulisimama inchi moja juu ya karatasi. Alisukuma mpaka povu likamtoka kwenye paji la uso, lakini mkono haukushuka, kwa kuwa mkurugenzi alikuwa Sameer, na Sameer hakuwa ameidhinisha.

"Ungemuandika mayo siku ile," alimwambia Wakili bila ukali, "leo mkono ungekwenda."

Wakili aliingia msalani, akafungua mfereji ili asisikike akilia.

Kampuni alifutwa Ijumaa, kuanzia miguuni. Vilibaki viatu na harufu ya nazi. Nyale alikaa matanga siku tatu Bofu. Wakili alikwenda, akaketi mkekani na wanawake. Akapewa chai, hakuna aliyemuuliza neno.

Jumatatu mashine ya kuchapa ilimtoa kampuni mpya, mwembamba, mwenye mabega ya shemeji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka barua, nayo aliiandika Wakili Swabra: Nyale wa Bofu asiuze tena sabuni kwa jina la Nyale.

Alimkuta Nyale mbele ya sufuria, akikoroga. Nyale alinawa mikono, akaisoma barua yote akiwa wima.

"Tia sahihi hapa, mama, kwamba umepokea," kampuni alisema.

Akatia sahihi: Nyale. Kampuni aliisoma.

"Jina hili sasa ni langu," alisema kwa upole. "Lakini kwa kupokelea barua, mara hii nakuruhusu."

"Ahsante," Nyale alijibu, na akamuuliza kama alikuwa amekula.